Bwana Simbamarara Chini ya Kitanda

Babu Tseng Wan-fu aliletwa wodi ya mifupa akiwa amevunjika nyonga, na hakuwa na nia yoyote ya kuungwa. Mwenyewe alisema aliteleza kwenye ukingo wa bwawa lake la kufugia samaki aina ya mwatiko, akimfukuza yangeyange aliyekuwa akimwibia. Alipolazwa, yangeyange huyo alikuwa wa kawaida. Kesho yake alikuwa na kimo cha mbuzi. Siku iliyofuata ndege alikuwa ameshamshika babu kwa kola ya shati, akamnyanyua juu ya bwawa na kumwachia makusudi.

"Alikuwa na leseni ya kubeba abiria?" akauliza Bwana Ku, muuza nyama aliyelazwa kitanda cha pembeni, mguu wake umening'inizwa juu kama bidhaa zake mwenyewe.

"Wewe nyamaza. Mguu wako umevunjwa na nguruwe ambaye tayari alikuwa amekufa."

Hilo lilikuwa kweli. Nusu ya nguruwe ilichomoka kwenye ndoano ikamwangukia, na tangu siku hiyo Bwana Ku hakupenda kuulizwa.

Nesi wa zamu, Liao Pei-yu, aliwaacha wagombane kwa kuwa ugomvi ulimfanya babu avute pumzi ndefu, na pumzi ndefu ndiyo aliyoitaka. Daktari Fang alikuwa amemweleza bila kuzunguka: mzee wa umri ule, nyonga yake haingoji. Akiendelea kulala hivyo mapafu yatajaa, mgongo utaota vidonda, na kijijini kwao Liao-wei atarudishwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Nafasi ya upasuaji ilikuwa kesho asubuhi. Kilichokosekana ni dole gumba la babu kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa.

"Sijakataa," babu akasema kwa mara nyingine. "Mnanisingizia. Nimesema sijaruhusiwa."

"Na nani, babu?"

"Na Mheshimiwa Chih."

Mheshimiwa Chih alikuwa mungu wa hekalu la Liao-wei. Babu Wan-fu hakuwahi kuoa, kuchimba bwawa wala kununua gari bila kumuuliza, na hata rangi ya gari aliulizwa, ndiyo maana lilikuwa la waridi. Alipenyeza mkono kwenye mfuko wa pajama akatoa vibao vyake viwili vya mbao, vimepinda kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine una nundu, vimeng'aa kwa kushikwa. Kila mtu chumbani alijua kuvisoma. Vikianguka kimoja chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anakucheka.

"Basi muulize sasa hivi," Pei-yu akasema.

"Nimuulize vipi na hayupo? Ni mwezi wa tatu. Amesafiri."

Binti yake babu, Hsiu-chin, mama wa makamo aliyekuwa akiuza mikate ya chaza sokoni, akatoa simu na kuwaonyesha ramani. Mheshimiwa alikuwa amebebwa kwenye machela yake na nusu ya kijiji, kwa ngoma na fataki, kwenda kumsalimia mungu mwenzake huko kaskazini. Alama nyekundu ilionyesha alipofika.

"Yuko Changhua," Hsiu-chin akasema. "Kwenye kituo cha mafuta. Anapumzika."

"Anajaza ya kawaida au dizeli?" akauliza Bwana Ku.

Pei-yu alikuwa binti wa mzee wa kanisa la Kipresbiteri. Kwao, mtu akiwa na swali alipiga magoti akafumba macho, na jibu halikuanguka sakafuni kwa kishindo. Siku ya kwanza alikuwa amemleta mchungaji wa hospitali, mtu mpole, naye babu akampokea vizuri sana, wakaongea bei ya mwatiko mpaka mchungaji akaondoka ameagiza kilo kumi. Kisha akamleta mtawa wa Kibuddha anayejitolea, mama mnyenyekevu aliyenyoa kichwa. Babu akamsikiliza, akamshukuru, akamwonea huruma kwa kutokula samaki. Hapo ndipo Pei-yu alipotambua kwamba alikuwa akimletea mzee mikono ya kushika bila kumuuliza ni mkono gani anaotaka kuushika.

"Tumpigie simu," akasema.

"Mheshimiwa hana simu."

"Waliombeba wanazo."

Hsiu-chin akampigia binamu yake A-tsai, mmoja wa wabebaji wa machela. Sura yake ilitokea imejaa jasho, na nyuma yake fataki zililia kana kwamba vita vimeanza kwenye pampu za mafuta.

"Nani? Nyonga? Nyonga ya nani?"

"Ya baba! Weka simu mbele ya Mheshimiwa!"

"Bonga? Nani anabonga?"

"Nyonga, wewe kiziwi! Geuza simu!"

Simu ikageuzwa. Wakaona miguu, mbwa, mtu anakula kiazi kitamu, kisha sura nyeusi ya Mheshimiwa Chih, ametulia kwenye machela kama mtu anayesubiri chenji. Babu akakutanisha viganja. Akajitaja jina na kijiji, akauliza, akarusha vibao sakafuni. Vibao vikiwa bado hewani, simu ikakatika.

Vikaanguka kimoja chali, kingine kifudifudi.

"Amekubali!" Pei-yu akaruka. "Babu, amekubali!"

"Nani amekubali?" Babu akamtazama kwa masikitiko, kama mwalimu anayemtazama mtoto wa mwisho darasani. "Mheshimiwa alikuwa ameshaondoka hewani. Hapo imekubali kampuni ya simu."

Hata Bwana Ku alikiri kwamba kisheria babu ana hoja.

Pei-yu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo manesi hukatazwa. Ndugu wa mgonjwa anapokosekana, nesi huuliza nani mwingine yupo. Akauliza vivyo hivyo.

"Mheshimiwa amesafiri. Nyumbani amebaki nani?"

Babu akafikiri. "Amebaki Bwana Simbamarara tu. Yule wa chini ya meza ya madhabahu. Yeye hasafiri, analinda."

"Ana madaraka ya kukubali?"

"Mkubwa akisafiri, ofisi anashika nani?" Babu akaanza kuchangamka. "Tena huyo ni mkali kuliko mwenyewe. Mwaka ule mwizi aliingia hekaluni, asubuhi akakutwa amekaa kwenye ngazi analia, anaomba apelekwe polisi. Makalio ya suruali yalikuwa hayapo."

Pei-yu alijiuliza baba yake, mzee wa kanisa, angesema nini juu ya jambo hili. Akaamua kutomuuliza.

Kabla ya saa za wageni kwisha, Hsiu-chin alirudi kutoka hekaluni na skuta, Bwana Simbamarara amesimamishwa kati ya miguu yake, amevalishwa kofia ngumu ya mtoto. Alikuwa wa mbao, ukubwa wa paka aliyeshiba, mweusi kwa moshi wa ubani wa miaka mingi, meno ya dhahabu, macho yamemtoka. Mlinzi wa getini akainua mkono.

"Wanyama hawaruhusiwi, mama."

"Mnyama gani? Huyu ni jenerali."

Mlinzi akamtazama jenerali, jenerali akamtazama mlinzi. "Basi apite kama mgeni," mlinzi akasema, sauti imepungua. "Lakini wageni wote wanavaa barakoa."

Ndiyo maana Bwana Simbamarara aliingia wodini na barakoa.

Pei-yu alikuwa ameshapangusa kabati la kando ya kitanda, akatandika taulo safi, pahali pa heshima. Alipomnyanyua amweke, babu akapiga ukelele uliomwamsha mgonjwa wa chumba cha tatu.

"Juu? Unamweka juu? Unataka atutie adabu wote? Huyo anakaa chini!"

Akawekwa chini ya kitanda, uso kuelekea mlangoni, barakoa ikavuliwa. Mbele yake likawekwa yai bichi, chakula anachokipenda kuliko vyote, na kipande cha nguruwe alichotoa Bwana Ku kwenye bakuli lake mwenyewe, akisema kama mungu huyo ana nafasi amfikirie na yeye. Hsiu-chin akatoa vijiti vya ubani na kiberiti.

"Hapana, dada," Pei-yu akamshika mkono. "Kuna oksijeni. Tutapaa na jengo."

"Atanusa nini sasa?"

"Shikeni tu bila kuwasha," babu akaamua. "Ana pua nzuri. Atakisia."

Kisha babu akafumba macho, akaanza. "Bwana, ni mimi Wan-fu, Tseng Wan-fu wa Liao-wei, nyumba ya bati la kijani nyuma ya bwawa, unanijua. Nimekuja kuuliza, nikatwe nisikatwe, na kesho ni siku njema au mbaya, na hicho chuma wanachotaka kuniwekea kina wivu na mifupa yangu au hakina, na yule daktari mwenye viatu vinavyolia kwi-kwi ndiye au siye, na kule ndani nikishalazwa je, na bwawa nimwachie nani."

Vibao vikaanguka. Vyote kifudifudi.

Akarusha tena. Kifudifudi.

"Amekataa," babu akasema, na Pei-yu aliona kitu cha ajabu: sura ya mzee haikuwa ya mtu aliyehuzunika. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Wakati huo viatu vikalia kwi-kwi koridoni, Daktari Fang akaingia. Akasalimia, akaangalia mguu wa Bwana Ku, akaja kwa babu, akainama kuutazama mfuko wa mkojo uliotundikwa pembeni mwa kitanda. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko mkojo unavyohitaji.

Alipoinuka, viganja vyake vilikuwa vimekutana kifuani vyenyewe. Akavitenganisha haraka, akavitia mifukoni.

"Sista Liao," akasema. "Huyu wa chini amelazwa?"

"Amekuja kumwona mgonjwa, daktari."

"Na yai?"

"La kwake."

"Hakikisheni mgonjwa halili." Akakohoa. "Nikimaliza kuzunguka nataka jibu, sista. Kama hakuna dole gumba, nafasi ya kesho nampa mama wa chumba cha pili, na huyu nitamwandikia arudi kwao. Siwezi kumlaza hapa aoze." Akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, kama mtu anayemuaga mkwewe.

Hsiu-chin akaanza kulia kimya kimya. Pei-yu akapiga magoti sakafuni, kichwa chake usawa wa babu, na simbamarara karibu kabisa na goti lake.

"Babu, mgonjwa akiniambia 'naumwa', siendi zangu. Namuuliza wapi, tangu lini, ukikohoa je. Wewe umemrundikia Bwana maswali sita kwa pumzi moja, halafu unasema amekataa. Amekataa lipi? Hata mimi ningekataa."

"Ana hoja," Bwana Ku akasema. "Mteja akija dukani kwangu akasema 'nipe moyo, utumbo, kwato, na shikamoo', namfukuza."

Wakaanza upya, moja moja, Pei-yu anauliza na Hsiu-chin anarusha. Tatizo ni daktari? Kifudifudi, si daktari. Viatu vyake? Vyote chali. Bwana Simbamarara alicheka, na Bwana Ku alicheka naye mpaka mguu wake ukabembea. Ni chuma? Si chuma. Ni siku ya kesho? Si siku. Bwawa? Chali tena, bwawa lilimchekesha.

Pei-yu akaishiwa. Alimtazama babu badala ya vibao. Mzee alikuwa amegeukia ukuta.

"Muulize kile chumba," akasema.

"Chumba gani, babu?"

"Cha kuamkia. Wanapokulaza ukishapasuliwa."

"Baba, yaache hayo," Hsiu-chin akasema.

"Siachi." Sauti yake haikuwa tena ya kupigia hadithi. "Mama yako aliingia humu humu hospitalini, tumbo lake lifunguliwe. Aliingia ananigombeza. Kitanda kizima kinasukumwa, yeye kidole juu, ananigombeza mpaka mlango ukafungwa. Alipotoka, kimya. Anakula, anapumua, lakini ananitazama kama ninamletea barua. Hakunigombeza tena hata siku moja, mpaka tukamzika."

Bwana Ku alitazama dari.

"Ile nusu kaputi inamtoa mtu nje," babu akaendelea. "Aliyetoka lazima aitwe ndipo arudi. Nilisimama mlangoni siku ile nikawasikia wakimwita. 'Kumi na mbili! Kumi na mbili, fumbua macho!' Namba ya kitanda! A-luan wangu hajaitwa Kumi na mbili maisha yake yote. Angejuaje kuwa ni yeye?"

Pei-yu alikuwa na maelezo. Alisoma darasani kwamba wazee wengine huchanganyikiwa baada ya dawa ya usingizi, na sababu zake ziko nyingi. Maelezo yalimfika kwenye ulimi, akayameza. Asubuhi ile ile yeye mwenyewe alikuwa amesema koridoni, mbele za watu, "Kumi na saba ameshakojoa."

"Ungependa uitweje, babu?" akauliza.

Babu akageuka kutoka ukutani. Ilionekana swali hilo hakuwahi kuulizwa, lakini jibu alikuwa nalo siku nyingi.

"Kwa jina langu lote. Na kijiji. Kwa lugha ya nyumbani, si hii ya televisheni. Na mwitaji ashike shati langu, lisilofuliwa, maana roho inajua harufu yake."

"Lisilofuliwa halina shida," Hsiu-chin akasema, anafuta kamasi. "Ninalo lile la bwawani. Limesimama lenyewe kwenye ndoo."

Pei-yu akainama chini ya kitanda. Hakukutanisha viganja, lakini aliongea kwa adabu, kama anavyoongea na ndugu wa mgonjwa yeyote. "Bwana, mzee wako akiitwa hivyo alivyosema, na mwitaji nikiwa mimi, unamruhusu?"

Hsiu-chin akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Babu akataka irudiwe, mambo ya namna hii hayachukuliwi juu juu. Ikarudiwa. Ikarudiwa tena. Bwana Simbamarara hakubadili kauli. Babu akanyoosha dole gumba. "Leteni wino kabla sijapata swali jingine."

Kikabaki kikwazo kimoja, naye aliitwa Chiang Yueh-o, mkuu wa wodi. Mwanamke huyu, ilisemwa, aliwahi kuitazama homa ya mgonjwa mpaka ikashuka. Alimsikiliza Pei-yu mikono kiunoni.

"Unataka uingie chumba cha kuamkia na shati lenye matope?"

"Nitalitia kwenye mfuko wa plastiki, mama. Nitaufungua kidogo tu."

"Wewe? Binti wa mzee wa kanisa? Unaita roho?"

"Mimi namwita babu, mama. Nikimwita, akiitika, nimefanya kazi ya nesi. Njia atakayopita kurudi anaijua mwenyewe."

Mkuu wa wodi akashusha mikono kutoka kiunoni. "Usizidishe sauti," akasema. "Kuna wagonjwa wamelala."

Kesho yake upasuaji ulikwenda vizuri. Babu akasukumwa kwenye chumba cha kuamkia, mdogo kuliko alivyokuwa wodini, midomo imekauka. Pei-yu akafungua mfuko kidogo, na manesi wawili wa chumba kile wakahamia dirishani bila kuambiwa.

"Tseng Wan-fu," akanong'ona kwa lugha ya nyumbani. "Tseng Wan-fu wa Liao-wei. Umemaliza, rudi nyumbani."

Kimya. Kope hazikutikisika. Akaita tena, akaufungua mfuko zaidi. Kimya. Muda uliopaswa kupita ulikuwa umepita, na mtu wa dawa ya usingizi alianza kuangalia saa na kukunja uso. Pei-yu alikuwa ameahidi mbele ya binti wa mtu, mbele ya muuza nyama, na mbele ya yule wa chini ya kitanda. Akalitoa shati lote, akalipunga juu ya uso wa mzee, akavuta pumzi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya bibi yake aliyeuza samaki bandarini na kusikika mpaka mashua za ng'ambo.

"TSENG WAN-FU! WA LIAO-WEI! NYUMBA YA BATI LA KIJANI! RUDI NYUMBANI!"

Waliokuwepo wanaapa kwamba wagonjwa wote wanne wa chumba kile walifumbua macho pamoja, na mmoja, mwalimu wa hesabu kutoka mjini, akauliza kwa unyonge kama na yeye anaruhusiwa kwenda.

"Unanipigia kelele za nini?" akasema Babu Wan-fu. "Nimevunjika nyonga, si masikio."

Pei-yu akacheka, akalia, vyote kwa wakati mmoja. Akamuuliza jina lake, akalitaja. Akamuuliza kijiji, akakitaja, na bwawa, na yangeyange, ambaye sasa alikuwa amekuja na mke wake. Mtu wa dawa ya usingizi akapumua akaenda kunywa chai.

Babu akatulia. Macho yakazunguka chumba kile, taa zake nyeupe, mapazia, kona ile baridi karibu na friji ya dawa.

"Mjukuu wangu," akasema polepole. "Sauti bado unayo?"

"Ninayo, babu."

"Mwite na yeye. Huang A-luan. Alipotelea humu humu."

Pei-yu akatazama shati mkononi. "Sina nguo yake, babu."

"Mwambie mimi nipo. Atakuja tu kunigombeza."

Manesi wa dirishani walikuwa wameacha kuziba pua. Pei-yu akageukia ile kona. Safari hii hakupaza sauti, aliita kama mtu anavyoitwa jikoni chakula kikiwa tayari.

"Huang A-luan. Huang A-luan wa Liao-wei. Babu yuko hapa. Rudini nyumbani pamoja."

Babu akasikiliza, shingo imeinuka kidogo kutoka kwenye mto. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akakunja uso kama mtu anayetajiwa makosa yake moja baada ya jingine, akatikisa kichwa kukubali. Akauma meno, akajisogeza kwa upande wake mzima, inchi kwa inchi, mpaka kwenye ukingo wa kitanda, akaacha nafasi ya mtu kulala.

Daktari Fang alikuwa ameamuru asisogezwe hata kidogo. Pei-yu alivuta shuka akaifunika ile nafasi pia, na hakumwambia mtu.